Kibweta cha Kalamu na Vitofali vya Watoto

Wako watu wasemao kwamba mchezo ni wa watoto na kazi ni ya wakubwa, na kwamba mwanafunzi akiisha kufika darasa la sita, ni aibu kuonekana ameketi sakafuni akipanga vitofali vya kuchezea. Mimi sikubaliani nao. Wako na wengine wasemao kwamba kitu kikiisha kuwa na faida, yafaa kibaki mikononi mwake yeye aliyekitengeneza. Hao nao sikubaliani nao. Nitawaelezeni habari moja iliyotokea katika shule niliyofundisha, nanyi mtahukumu wenyewe.

Shule hiyo imo katika Wilaya ya Kibiti, si mbali na njia iendayo Nyamisati, mahali watu wapandapo vyombo kwenda Mafia. Madawati yetu yalikuwa ya mteremko. Kalamu za risasi zikiwekwa juu yake huviringika, zikaanguka sakafuni, na risasi iliyo ndani huvunjika vipande vipande. Kalamu ya namna hiyo hata ukiichonga mara kumi, ncha yake hutoka kila mara. Kwa mtu mwenye fedha jambo hili ni dogo. Lakini katika nyumba ambayo kalamu hununuliwa baada ya mama kuuza mchele kidogo sokoni, si dogo hata kidogo.

Basi katika kabati la shule palikuwa na sanduku la vitofali vya plastiki, lililoletwa kwa ajili ya watoto wa darasa la awali. Sanduku hilo lilikaa siku nyingi limefungwa kwa kufuli, kwa hofu ya vitofali kupotea. Ni kweli kwamba kitu kilichofungwa kabatini hakipotei. Lakini tena hakimfundishi mtu neno. Mwishowe tuliwafungulia watoto, wakafurahi sana, wakajenga nyumba na madaraja kila asubuhi. Siku moja wanafunzi wangu watatu wa darasa la sita walikuja kuniomba ruhusa ya kuvitumia saa za jioni. Walitaka kujenga kibweta cha kukalia juu ya dawati na kushika kalamu zisianguke. Niliwapa ruhusa, ijapokuwa wenzao waliwacheka.

Vitofali hivyo vina asili yake, nayo yafaa kujulikana. Katika mji mdogo wa Billund, nchi ya Denmaki, alikuwako seremala jina lake Ole Kirk Christiansen. Mwaka 1932, wakati biashara ilipokuwa mbaya duniani pote na watu hawana fedha ya kujengea, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1934 aliiita kazi yake Lego, jina lililotokana na maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri." Husimuliwa kwamba siku moja mwanawe, Godtfred, alijisifu kwamba ameiokolea karakana fedha kwa kuwapaka bata wa mbao rangi mara mbili badala ya mara tatu. Baba yake hakumsifu. Alimwamuru akawarudishe bata wote, akawapake tena kama ipasavyo. Godtfred huyo ndiye aliyeandikisha, tarehe 28 Januari 1958, namna ya kitofali tukijuacho leo, chenye vinundu juu na mirija ndani, hata kimoja chashikamana na kingine kwa nguvu. Kitofali cha mwaka ule chaingiana na cha leo bila taabu.

Msidhani kwamba kitu kidogo hicho kina hesabu ndogo. Ukichukua vitofali 2 tu vya rangi moja, vyenye vinundu 8 kila kimoja, waweza kuviunganisha kwa namna 24. Ukichukua 3, namna ni 1,060. Ukichukua 6, mtaalamu wa hesabu wa Denmaki, Søren Eilers, ameonyesha kwamba namna zake ni 915,103,765. Mtu asemaye kwamba mchezo huo hauna akili, na azihesabu mwenyewe!

Sasa turudi kwa wanafunzi wangu. Kitofali cha vinundu 8 kina urefu wa milimeta 32 hivi, upana wa milimeta 16, na kimo cha milimeta 9.6. Sakafu ya kibweta waliifanya mraba wa vinundu 8 kwa 8, ikatumia vitofali 8. Juu yake walijenga kuta nne zenye unene wa vinundu 2, na kila kozi, kama waashi waiitavyo, ilitumia vitofali 6. Kozi 10 zikawa vitofali 60, na jumla yake 68. Kuta zilifika kimo cha milimeta 96, na shimo la katikati likawa mraba wa milimeta 32, ambamo kalamu 12 zaweza kusimama bila kubanana.

Mara ya kwanza walishindwa. Walipanga kila kozi sawasawa na ile iliyo chini yake, kiungo juu ya kiungo. Ikawa hawakujenga kuta, bali walijenga nguzo sita zinazosimama karibu karibu. Kalamu zilipotiwa ndani, kibweta kilipasuka pembeni. Mmoja wao, ambaye mjomba wake ni mwashi, alikitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjomba hajengi hivi. Kitofali cha juu hukalia viungo vya chini." Wakabomoa, wakajenga tena. Mara hii kila kozi iligeuzwa: upande uliokuwa na vitofali viwili katika kozi ya chini ulipata kimoja katikati katika kozi ya juu, na ule wa kimoja ukapata viwili. Kibweta hakikupasuka tena. Fundi wa majahazi naye hufanya vivyo hivyo apangapo mbao ubavuni mwa chombo. Haachi viungo vifuatane mahali pamoja, maana hapo ndipo bahari itakapoingilia.

Mara ya pili kosa lilikuwa la namna nyingine, nalo lilinifundisha hata mimi mwalimu wao. Walikuwa wamepima kimo cha kuta kwa kalamu mpya, ya sentimeta 18. Lakini kalamu za darasani mwetu si mpya. Nyingi ni vipande vya sentimeta 6 au 7, na vipande hivyo vilizama shimoni hata havikuonekana. Basi mwanafunzi mwenye kalamu nzima alipata faida, na mwenye kipande aliingiza kidole akatafuta. Wakaongeza ubavuni chumba kifupi cha kozi 3, kwa vitofali 18 zaidi, ili vipande navyo vipate mahali pa kusimama. Likumbukeni jambo hili. Atakaye kuwatengenezea watu kitu, apime kile walicho nacho, asipime kile kinachouzwa dukani.

Kibweta kilipokwisha, darasa zima lilikisifu, na wale waliocheka walinyamaza. Lakini sanduku lilikuwa na vitofali 90 tu vya vinundu 8, na kibweta kilikuwa kimekula 86. Asubuhi ya pili mtoto mmoja wa darasa la awali alisimama mlangoni petu. Alikitazama kibweta juu ya dawati, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nyumba yetu haina kuta."

Hapo pakawa na hoja. Wanafunzi wangu walisema, "Mwalimu, wale huchezea tu, kisha hubomoa. Sisi tumetengeneza kitu cha faida. Mbona tukibomoe?" Sikuliona neno lao kuwa la upuuzi. Faida ilikuwako, na kalamu zilikuwa zimeacha kuvunjika. Hata hivyo niliamua kwamba vitofali virudi, na mpaka leo naona kwamba niliamua vema.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba chako ni chako, na cha mwenzio si chako. Mkubwa asinyang'anye cha mdogo kwa kusema kwamba yeye ajua kukitumia vizuri zaidi. Wako watu wazima wengi walionyang'anywa mashamba kwa neno hilo hilo.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto apangaye nyumba na kuibomoa hapotezi wakati. Anajifunza lile lile mlilojifunza ninyi siku kibweta kilipopasuka, ila yeye hajapata bado maneno ya kulieleza.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Kazi iliyo bora ya kitofali cha kuchezea ni kujaribia. Ubao ukikatwa vibaya haurudi kuwa mrefu. Udongo ukichomwa umepinda hubaki umepinda. Lakini kitofali chakusamehe. Ukikosea, wakifungua, wala hukupoteza kitu ila dakika chache. Basi kosea huko mpaka ujue, kisha kajenge kwa kitu chako mwenyewe.

Ndivyo wanafunzi wangu walivyofanya. Kwanza walichora kibweta karatasini, pamoja na vipimo vyake, ndipo wakakibomoa na kuvirudisha vitofali vyote 86, wakihesabu mbele ya watoto. Kisha walikwenda kwa seremala wakaomba mabaki ya mbao, ambayo hutupwa motoni. Sikuwaruhusu kwenda kukata miti ya mikoko, maana msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji, ulio mkubwa kuliko yote ya Tanzania, umehifadhiwa kwa sheria, na kuukata kwataka kibali. Mabaki waliyakata vipande vya sentimeta 4 kwa 2 kwa 2. Kwa kuwa kimo cha kila kipande kilikuwa sentimeta 2, kozi 5 zilitosha: vipande 30 kwa chumba kirefu, na ubao mmoja kwa sakafu. Waliviunga kwa gundi ya seremala, kila kozi imegeuzwa, na chumba kifupi hawakukisahau. Kibweta hicho hakikuwa na rangi nzuri kama kile cha kwanza, na pembe moja ilikuwa imeinama kidogo. Lakini kilikuwa chao, na hakuna mtoto aliyekosa ukuta kwa ajili yake. Kabla ya mwaka kwisha kila dawati lilikuwa na kibweta chake.

Kwa hiyo nawashaurini, ninyi mlio katika madarasa ya juu, msione aibu kushika vitu vya kuchezea, kama mnatafuta maarifa ndani yake. Azimeni kwa adabu, jaribuni, koseeni, andikeni vipimo, kisha rudisheni kwa hesabu kamili. Naye awachekaye mkiwa sakafuni, msimjibu neno. Siku risasi ya kalamu yake itakapovunjika, mwonyesheni namna ya kukata vipande 30.