Kiharusi: hospitali inaokoa maisha, nani anarudisha mkono na mguu?

Mgonjwa wa kiharusi, ule ugonjwa ambao kwetu wengi wanauita AVC, akiruhusiwa kutoka hospitalini, familia yake inapewa karatasi. Juu yake kumeandikwa dawa za tansio, vipimo vya kurudia na tarehe ya kumwona tena daktari. Mara nyingi hakuna mstari hata mmoja unaosema nani atamfundisha mtu huyo kukaa, kusimama, kushika kijiko na kutamka jina la mtoto wake. Hapo ndipo mgonjwa anapopotea, na nchini Kongo jambo hilo halizungumzwi sana.

Tunazungumza zaidi juu ya mambo mengine ya afya, na kwa haki. Tarehe 5 Septemba 2023, Rais Félix Tshisekedi alizindua mpango wa afya kwa wote, unaojulikana kama CUS. Ulianzia Kinshasa kwa uzazi na matunzo ya watoto wachanga bila malipo, kisha ukapelekwa katika majimbo mengine. Hakuna anayeweza kulaumu uchaguzi huo katika nchi ambako wamama walikuwa wakizuiliwa hospitalini pamoja na watoto wao kwa sababu ya deni. Lakini mpango unaoitwa wa wote una foleni, na anayesimama nyuma kabisa ni yule asiyeweza kusimama.

Tukumbushe ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo: ama mshipa umezibwa na donge la damu, ama umepasuka. Tansio ya juu ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Kwa ule wa donge, ipo dawa ya kuliyeyusha, lakini ni lazima itolewe ndani ya saa nne na nusu, na baada ya skana kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa mkaaji wa Shabunda au Walikale, anayetoka kijijini akibebwa kwa kipoyi, saa hizo zinaisha kabla hajaiona barabara ya magari. Hata mijini skana ni chache na bei yake inatisha.

Kwa hiyo kwa Wakongomani wengi, tiba iliyobaki baada ya kunusurika ni moja: mazoezi. Ni kosa kuyaita tiba ya maskini, maana hata Paris au Brussels, mgonjwa aliyepata dawa ya donge kwa wakati bado anapelekwa kwa mtaalamu wa kinezitherapia, yule ambaye wagonjwa wetu wanamwita kwa kifupi kine. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Sehemu nyingine zinajifunza kazi yake polepole, kwa kurudia tendo lile lile mara mia na mara elfu. Na muda una maana: nguvu nyingi hurudi katika miezi mitatu ya kwanza. Baadaye maendeleo yapo bado, ila yanakuja kwa shida zaidi, na mkono ulioachwa umekunjwa unakakamaa.

Sasa tupige hesabu. Vikao vitatu kwa juma, kwa miezi mitatu, ni karibu vikao 36. Chukua bei ya kikao katika mji wako, ongeza ya usafiri wa watu wawili kwenda na kurudi, kisha zidisha mara 36. Barani Afrika kiharusi huwakamata watu wakiwa na umri mdogo kuliko Ulaya, wengi wakiwa bado kazini. Anayetafutiwa hizo pesa ni mara nyingi yule yule aliyekuwa anazileta nyumbani.

Na usafiri wenyewe. Anayeifahamu Kadutu, mjini Bukavu, ataelewa bila maelezo marefu. Nyumba zimepandana kilimani, njia ni ngazi za udongo, mvua ikinyesha hata mzima anateleza. Gari halifiki mlangoni. Inabaki pikipiki, lakini mtu aliyepooza upande mmoja atajishikilia vipi nyuma ya dereva kwenye mteremko? Familia inamweka katikati, kijana mmoja anakaa nyuma akimkumbatia. Safari mbili tatu hivyo, na kikao cha nne hakifanyiki. Kituo kinaweza kuwa na mtaalamu hodari na vyombo vizuri, kilomita mbili tu kutoka nyumbani, na kikawa sawa na kuwa nchi nyingine.

Tangu 2025 hali ya Kivu imeongeza uzito. Goma ilipoanguka mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua Goma na Kavumu. Mshahara wa mtumishi wa serikali ukawa tabu kuupata. Mgonjwa wa tansio aliyekosa vidonge vyake kwa wiki kadhaa hahesabiwi kati ya wahanga wa vita. Lakini kiharusi cha kwanza, na zaidi cha pili, kinapenda sana dawa iliyokatizwa.

Si kwamba huduma haipo kabisa. ISTM ya Kinshasa inafundisha kinezitherapia, Chuo Kikuu cha Kinshasa kina idara ya tiba ya viungo, Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu. Vituo hivi vimefanya kazi kubwa kwa watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda, kwa waliougua polio, na kwa waliokatwa viungo kwa risasi na mabomu, na Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa, CICR, limekuwa likiwasaidia walemavu wa vita kupata miguu ya bandia. Hapa niseme wazi maoni yangu: mguu wa bandia unapata mfadhili kwa urahisi, maana unaonekana kwenye picha. Mzee wa miaka 55 aliyekaa miezi miwili akijifunza kufunga kifungo cha shati hana picha nzuri. Pesa za nje zinafuata vita, na za ndani bado hazijafuata ugonjwa huu.

Tatizo si la Kongo peke yake. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma za kurudisha uwezo wa mwili hawazipati. Mwezi wa Mei 2023 mkutano mkuu wa shirika hilo, Geneva, ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziingize huduma hizo katika mfumo wa kawaida wa afya, badala ya kuziacha pembeni kama jambo la hisani.

Kuna jibu ambalo kila mtu analitoa haraka: basi tufundishe familia. Linavutia, kwa sababu familia ya Kikongomani haimtupi mgonjwa wake, na haidai mshahara. Lakini lilipimwa. Nchini India, utafiti ulioitwa ATTEND, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuata wagonjwa 1250 katika hospitali 14. Nusu ya familia zilifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti: katika makundi yote mawili, asilimia 47 walikuwa wamefariki au wanamtegemea mtu mwingine. Haina maana kwamba mke au binti hafai kitu. Maana yake ni kwamba serikali haiwezi kumtwika binti huyo kazi ya mtaalamu na kuiita sera.

Hata bidii yenyewe inahitaji kipimo. Utafiti mwingine mkubwa, AVERT, wa 2015, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Na nyumbani makosa ni mengi, yanayofanywa kwa upendo. Tunamvuta mgonjwa kwa ule mkono uliolegea ili akae, na bega linateguka. Tunamkanda kwa maji ya moto upande usiohisi, anaungua bila kulia. Tunamnywesha uji akiwa amelala, unaingia mapafuni. Tunamlaza upande mmoja siku nzima, vidonda vinatokea.

Wengine wanapoteza majuma ya kwanza mahali pengine kabisa. Mtu aliyelala mzima akaamka mdomo umepinda, jirani watasema amepewa sumu au amelogwa, na anapelekwa kwenye chumba cha maombi. Sidharau maombi. Ila mchungaji anayemruhusu mgonjwa kuombewa asubuhi na kwenda kwa kine mchana anamsaidia kuliko yule anayemfungia ndani siku 40.

Nini kingewezekana bila kungoja tajiri? Kongo ina hospitali kuu ya rufaa katika karibu kila eneo la afya. Kine mmoja katika kila moja ya hizo, mwenye mkeka, kiti imara, vyuma viwili vya kushikilia kutembea na ngazi ya mbao, hagharimu kama skana. Yeye ndiye angemwona mgonjwa kabla hajatoka, apange mazoezi, kisha RECO, wale wahudumu wa jamii ambao tayari wanapanda vilima kwa ajili ya chanjo, wafuatilie nyumbani na kupima tansio kwa njia hiyo hiyo. Hapo familia inakuwa msaidizi wa mtaalamu, si mbadala wake. Kifedha, jambo la kwanza ni kuandika vikao hivyo, hata 12 tu kwa kuanzia, katika orodha ya huduma zinazolipwa na CUS.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu inawahusu pia waliobakiwa na ulemavu baada ya kiharusi, ingawa wengi wao hawajui kwamba wanahesabiwa humo, na familia zao zinaona aibu kutamka neno hilo. Wanasema tu mzee anaumwa, atapona. Miezi mitatu inapita wakisema hivyo, na ile karatasi ya hospitali bado iko chini ya mto, ikiwa na majina ya dawa peke yake.