Mwenye Mali Haazimwi Mali Yake



Ndugu wapendwa, juma hili tuitafakari amri ya saba tukiutazama mji wa Kumasi, nchini Ghana. Mwaka 1874 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Garnet Wolseley, liliingia mjini humo, likapora ikulu ya mfalme wa Waasante, Kofi Karikari, kisha likauteketeza mji kwa moto. Juu ya hayo, Waasante walitozwa fidia ya wakia 50,000 za dhahabu.

Miaka 150 baadaye, mwaka 2024, makumbusho mawili ya London, British Museum na Victoria and Albert, yalipeleka Kumasi vitu 32 vya kifalme, vikiwemo vilivyoporwa mwaka ule. Lakini yaliviazimisha tu, kwa miaka mitatu, kwa kuwa sheria za Uingereza zinayazuia kuvitoa moja kwa moja. Mwaka huohuo Makumbusho ya Fowler ya Los Angeles, Marekani, yalirudisha vitu saba vya Waasante, navyo vikabaki kwao.

Tufikiri kidogo. Mtu anaungama kwamba ameiba mbuzi wa jirani. Akiulizwa atafanyaje, anajibu: "Nitamwazima mwenyewe kwa miaka mitatu." Je, toba hiyo imekamilika? Zakayo hakuahidi kuwaazima aliowadhulumu; aliahidi kuwarudishia mara nne.

Wapo wasemao kwamba vitu hivyo vimetunzwa vema Ulaya. Huenda ni kweli, lakini kutunza hakumgeuzi mtunzaji kuwa mwenye mali. Wala hatuwalaumu Waasante kwa kuupokea mkopo huo. Aliyekaa karne na nusu bila kuona urithi wa mababu zake, atakataaje kuuona? Ila wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Hata hivyo, tusiishie kuwanyoshea kidole Wazungu. Miongoni mwetu yupo aliyeusogeza mpaka wa shamba la mjane, na sasa anamruhusu mjane huyo alime kipande chake mwenyewe, tena anataka ashukuriwe. Yupo anayekalia mirathi ya yatima akidai kwamba anawatunzia. Hao hawazuiwi na sheria ya Bunge lolote. Kabla hatujadai cha Kumasi kirudi Kumasi, nasi tunadai hivyo kwa haki kabisa, kila mmoja wetu akague kilichomo nyumbani mwake.

Tunawatakieni Dominika njema.