Mkaratusi na Mshahara wa Mkerezaji



Yako maneno yanayopita katika karakana za Lamu, tangu Langoni mpaka Mkomani, kwamba mti wa mkaratusi haukerezeki. Maneno hayo twayakataa. Mkaratusi wakerezeka vizuri sana. Usiokerezeka ni ule uliokatwa juzi, ukaletwa jana, na leo tajiri anataka matendegu manne ya kitanda yawe tayari kabla ya Ijumaa. Tendegu likipasuka, kosa huhesabiwa kuwa la fundi, na bei ya mti hukatwa katika malipo yake. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la miti tu likawa la Chama.

Wazee wetu walizoea mbambakofi na mvule, miti iliyotulia. Miti hiyo sasa ni haba na bei yake haishikiki. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mti uliobaki ukawa ule wa mashamba ya watu, na katika mashamba ya bara mkaratusi ndio mwingi. Julai 2023 Rais alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, lakini mbambakofi haukui kwa tangazo. Kwa hivyo gogo la mkaratusi likishushwa Mokowe na kuvushwa kwa mashua, na tulipokee kwa akili.

Asili ya mti huu ni Australia. Ulianza kupandwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za magari ya moshi ya reli. Haukuletwa kwa ajili ya vitanda! Hukua upesi, na katika kukua kwake sehemu ya nje hujivuta na ya ndani hujibana. Siku unapokatwa, mvutano ule hufunguka, na ncha za gogo hupasuka kama nyota. Mti mchanga ndio mbaya zaidi. Basi gogo sharti lipasuliwe kati kwa kati mapema, moyo wake uondolewe, maana tendegu lenye moyo ndani yake litapasuka hata ulifanyie nini. Ncha zipakwe nta au rangi nzito ya mafuta siku ile ile. Vipande vipangwe kivulini, mbali na upepo wa kaskazi, na kati yao viwekwe vijiti ili hewa ipite.

Kisha ni kungoja. Hesabu ya mafundi wengi kwa mti mgumu ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Lakini mkerezaji ana njia yake ya kupunguza muda: hukereza mara ya kwanza ukiwa bado mbichi, akauacha mnene, akauweka ukauke miezi kadhaa, ndipo akaurudia kwa umbo la mwisho. Bakuli la inchi 10 huachwa na ukingo wa inchi 1. Mwenye mizani apime kila mwezi. Uzito usipopungua tena, mti umekwisha kukauka. Fundi asiyeweza kungoja na akereze vitu vidogo, kama vishikio na mipini, ambavyo hukauka upesi. Au atumie mwembe.

Je, kungoja huko ni kwa gharama ya nani? Twasema ni ya mwenye karakana. Yeye ndiye mwenye ghala, na ndiye atakayeuza kitanda. Fundi wa kazi ya kipande hawezi kula miezi sita ya kukausha mti. Mkerezo wa kwanza na wa pili ni kazi mbili, na zote zilipwe. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa alilolifanya mfanya kazi kwa makusudi. Mti mbichi kupasuka si makusudi ya mtu ye yote.

Liko jambo jingine, nalo ni la hatari. Nguzo nyingi za stima katika nchi hii ni za mkaratusi, na mabaki yake ni mti mkavu, mnyofu, wa bei rahisi. Ndugu, usiutie katika kerezo. Nguzo hizo hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, na hii ya mwisho ni sumu kamili. Mara nyingi utaijua kwa rangi ya kijani iliyozama ndani ya mti. Nyingine hutiwa dawa nyeusi ya lami, nayo haina nafuu. Unga wake usiingie kifuani, na mabaki yasipelekwe nyumbani kupikia. Alaa, mwiko uliokerezwa kwa nguzo ya stima utie katika chungu cha watoto?

Hata unga wa mti safi si mchezo. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka unga wa mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani, hasa ya pua. Mzee aliyevuta kerezo la upinde kwa mkono hakurusha unga mwingi. Mota ya leo huujaza chumba, na kipande chenye ufa kikizungushwa kwa kasi hiyo huweza kuruka usoni. Barakoa na miwani ni wajibu wa tajiri kutoa kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Si hisani yake.

Mwanachama ye yote aliyekatwa malipo kwa sababu ya mti kupasuka na alete karatasi yake kwa katibu wa tawi. Alete na kipande chenyewe. Ufa wa ubichi hutoka moyoni kwenda nje ukifuata nyuzi, na ule wa patasi hukata nyuzi. Macho ya fundi hayawezi kukosea.