Jengo ni Amana, Si Fahari

Imekuwa ada yetu kuyapima maendeleo ya taasisi kwa ukubwa wa majengo yake. Siku ya jiwe la msingi michango humiminika. Siku ya kuziba bati linalovuja, hapatikani mchangiaji. Rai yetu ni kuwa kosa huanza pale tunapouliza jengo litakuwa na ghorofa ngapi kabla ya kuuliza ni kazi gani itakayofanyika humo, na ni nani atakayelitunza.

Mfano tunao hapa hapa Arusha. Majengo ya AICC, yaani Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa katika miaka ya 1970 yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Majengo yale yangeweza kugeuka magofu. Badala yake, mwaka 1978 iliundwa taasisi mahsusi ya kuyasimamia, ikapangisha ofisi na kukodisha kumbi za mikutano.

Matunda yake yalionekana. Umoja wa Mataifa ulipounda Mahakama ya Rwanda mwaka 1994, mahakama hiyo ilipata humo ofisi na vyumba vya kusikilizia kesi, ikakaa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Jumuiya mpya, iliyozaliwa kwa mkataba wa 1999, nayo ilifanya kazi humo hadi ilipozindua makao yake yenyewe mwaka 2012. Kilichoyaokoa majengo hayo si saruji peke yake, bali usimamizi.

Aidha, tutazame Lakilaki, nje kidogo ya mji. Taasisi iliyorithi kazi za Mahakama ya Rwanda ilifungua majengo yake huko mwaka 2016. Haikujenga kasri: ilijitosheleza kwa chumba kimoja cha mahakama, kwa kuwa kazi iliyobaki ilikuwa ndogo na ya muda.

Sasa tujitazame wenyewe. Sisi tunaosomesha chini ya Mlima Meru twaijua hali ya darasa lisilo na dari wakati wa masika. Mvua ikipiga bati, sauti ya mwalimu hupotea na somo husimama. Hapo nje, nguzo za ghorofa ya pili zinasubiri wafadhili! Je, dari isingetangulia?

Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi walikwisha kuamua kuwa pato la wakfu huanza kutumika katika kuutengeneza wakfu wenyewe, hata kama aliyeuweka hakulishurutisha hilo. Hiyo ni hekima ya uendeshaji, kwani wakfu ukiporomoka, wanufaika hawabaki na kitu.

Basi, kamati zetu na zishike mambo matatu: ziandike kazi ya jengo kabla ya kuchora ramani, zitenge fungu la matengenezo katika kila pato, na zimteue mtu mmoja, mwenye daftari, wa kukagua paa, maji na umeme kila mwezi na kutoa taarifa mbele ya waumini. Mchangiaji anastahiki kujua si tu kwamba tumejenga, bali kwamba alichokitoa bado kinafanya kazi.