Sumu ya Nyumbani Haina Pa Kwenda

Katika stoo ya kanisa letu hapa Kawangware 46, nyuma ya viti vibovu na spika za zamani, lipo gunia lililokaa miezi mingi na hakuna ajuaye lipelekwe wapi. Vijana walilijaza Jumamosi moja ya usafi. Walikuwa wamefagia kuanzia steji hadi kwenye vibanda vya mitumba, wakatenga vitu ambavyo mwenzao aliyesomea mambo ya mazingira aliwakataza kuvichanganya na maganda ya ndizi: betri za tochi na redio, betri za simu zilizofura, balbu za kuokoa umeme, mkebe wa rangi uliobaki robo, chupa za dawa ya mende, sindano za mgonjwa wa kisukari. Lori la taka lilipofika wakauliza vitu hivyo vitapelekwa wapi. Wakajibiwa, "Tieni tu humu, zote zinakwenda mahali pamoja." Wakakataa. Gunia likarudi kanisani.

Tunaanza na gunia hili, ndugu wanamageuzi, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo serikali yetu ya kaunti haijalijibu. Sumu inayotoka jikoni, chumbani na kwenye kibanda cha fundi ni ya nani pindi mwenyewe anapoitupa?

Katiba tuliyoipitisha Agosti 2010 haikuliacha jambo hili gizani. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au inapotishiwa kuvunjwa, wala halazimiki kuthibitisha kwamba yupo mtu aliyekwisha kuumia au kupata hasara. Jedwali la Nne linasema kuzoa taka na kutunza majalala ni kazi ya kaunti. Bunge likaongeza Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayozitaka kaunti ziwe na vituo vya kutenganisha taka na kuokoa zile zifaazo kutumika tena. Kisha, mwishoni mwa 2024, zikatangazwa kanuni zinazombebesha mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa, betri na vifaa vya umeme vikiwamo, mzigo wa kugharimia bidhaa yake inapogeuka kuwa taka. Sisi tuliosomea sheria tunakiri kwamba sheria zimetosha. Tunachokosa ni mahali. Hapa 46 hakuna chumba, hakuna pipa, wala hakuna siku hata moja katika mwezi ambapo mama wa Gatina anaweza kupeleka balbu iliyoungua akapokewa na mtu anayejua la kuifanya.

Wazee wetu watasema haya si mageni. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji na kuliweka jiji chini ya tume ya watu walioteuliwa, na Nairobi ikakaa bila madiwani wa kuchaguliwa hadi ulipopita uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Tena Februari 2020 kazi kubwa za kaunti, uzoaji wa taka ukiwa miongoni mwake, zilikabidhiwa serikali kuu, nazo zikawa mikononi mwa idara iliyoongozwa na jenerali hadi 2022. Mara zote mbili mwananchi aliambiwa kwamba wateule ndio watakaosafisha jiji. Lakini na tuwe wakweli pia kwa upande wetu. Tangu 2013 tumekuwa na magavana na wawakilishi wa wadi tuliowapigia kura sisi wenyewe, na gunia bado liko stoo.

Taka za Nairobi mwisho wake ni Dandora, katika jalala lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, safari ya matatu mbili tu kutoka kwetu, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa ushirikiano na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho. Watoto 328 wa maeneo ya karibu na jalala walipimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa kuwa cha hatari wakati ule, yaani mikrogramu 10 kwa desilita. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na ubongo uliokwisha kudhurika haurudishwi na dawa. Hiyo ndiyo maana ya maneno ya mwenye lori kwamba zote zinakwenda mahali pamoja. Zile zisizofika Dandora hubaki huku huku: huchomwa nyuma ya nyumba pamoja na nailoni, au hushuka na mvua hadi Mto Nairobi ulio kati yetu na Kangemi. Kwa wenzetu wa Kibera huishia katika Bwawa la Nairobi, ambamo zamani watu walishindana kwa mashua.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo maofisa hupenda kuyachanganya.

Ipo sumu yenye bei. Betri ya gari iliyokufa hailali mtaroni hata usiku mmoja, kwa kuwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu huichukua kwa kilo. Nyaya za umeme huchomwa ili shaba itoke. Hatari ya vitu hivi huja vinapofunguliwa, asidi ikimwagwa chini na risasi ikiyeyushwa kwenye sufuria uani, watoto wakicheza hatua kumi kutoka hapo. Yale yanayotokea kazi hiyo inapofanywa kwa ukubwa bila kuangaliwa tumeyaona Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kando ya kijiji hicho kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aliwaongoza wanakijiji kudai haki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo 2023, Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha. Msomaji aangalie nani waliopatikana na lawama: pamoja na wenye kiwanda walikuwamo asasi za serikali ambazo kazi yake ilikuwa kukikagua. Fedha hizo zingetosha kuweka wakaguzi wangapi? Na wapo waliozikwa kabla ya hukumu ya mwisho kusomwa.

Halafu ipo sumu isiyo na bei, na hii ndiyo iliyojaa katika gunia letu. Betri ya tochi hainunuliwi na mtu. Balbu ya kuokoa umeme ina zebaki kidogo ndani yake, na ikivunjika hakuna anayeihitaji. Mwaka 2010 kampuni ya Kenya Power iligawa bure balbu za namna hiyo zaidi ya milioni 1 ili nchi ipunguze matumizi ya umeme. Lengo lilikuwa jema na sisi tulizipokea kwa shukrani. Lakini mpango wa kuzigawa ulifika mlangoni kwetu, na mpango wa kuzirudisha hatujauona ukibisha hodi. Serikali ikitaka kitu chake kilindwe hujua kufanya haraka: minara ya umeme ilipohujumiwa, Januari 2022 biashara yote ya vyuma vikuukuu ilisimamishwa kwa amri moja.

Tugeukie mafundi. Kando ya Barabara ya Naivasha tunawajua mafundi wawili wa pikipiki waliopakana. Mmoja huweka oili chafu katika pipa lenye mfuniko na betri kuukuu juu ya ubao. Mwingine humwaga oili mtaroni, na mvua inyeshapo mtaro hupita mbele ya mama anayeuza sukuma wiki. Wote wawili hutozwa leseni kwa hesabu ile ile, wote wawili hukimbia askari wa kaunti asubuhi ile ile. Yule wa pipa alituuliza, "Wakili, mimi nafaidika nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Kaunti inazo nyenzo. Tangu 2023 imeunganisha vibali vingi vya biashara kuwa kibali kimoja, na ada zake hupangwa kila mara kwa Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge la kaunti. Ibara moja tu katika sheria hiyo ingeweza kumpunguzia ada fundi anayeonyesha stakabadhi kwamba oili na betri zake zimepokelewa mahali halali. Biashara zinazotunza mazingira tunazisikia katika hotuba na kuziona kwenye mabango. Katika orodha ya ada hatujaziona.

Wala haya si ndoto. Katika wilaya ya King, kwenye jiji la Seattle huko Marekani, serikali za mitaa ziliungana kuanzia 1990 katika mpango wa taka za sumu za nyumbani na za biashara ndogo. Mwenye nyumba hupeleka rangi na dawa zake kituoni bila kulipa kitu pale pale, kwa kuwa gharama imekwisha kugawanywa kidogo kidogo katika ankara za taka na maji machafu za watu wote. Mwaka 1995 wakaongeza utaratibu wa kuzipa nyota karakana na maduka yaliyopunguza sumu, ili mteja ajue pa kupeleka fedha yake. Marekani ni tajiri, tutajibiwa. Ni kweli, lakini nyota haigharimu fedha nyingi, na fundi wetu wa pipa angeibandika ukutani kwa fahari.

Wapo wenzetu katika harakati watakaosema, kwanza maji, kwanza vyoo, kwanza barabara, haya ya betri ni anasa ya watu wa Lavington. Tunawaheshimu, maana tunakunywa maji yale yale ya kununua kwa mtungi. Lakini mtu wa Lavington ana ua wa kuchezea watoto wake na kampuni ya kumzolea taka mlangoni. Mtoto anayetambaa karibu na mtaro ni wetu.

Tunachodai si kiwanda. Tunadai kontena moja lenye kufuli katika kila wadi, mtu mmoja aliyefunzwa, na siku moja ya mwezi inayojulikana, kama inavyojulikana siku ya kliniki. Vitakavyopokelewa vipelekwe kwa wenye leseni ya kuvishughulikia. Vifaa vya umeme vina kituo cha kuvifungua kwa usalama papa hapa Nairobi. Gharama wabebeshwe kwanza walioagiza bidhaa hizo, kwa kanuni za 2024, ndipo mlipa kodi aguswe.

Na makanisa nayo yajiangalie. Tumefanya siku nyingi za usafi, tumepigwa picha tukiwa na mafagio, halafu jioni rundo likatiwa kiberiti na moshi ukaingia nyumba za waumini wale wale. Katika hili hatuwezi kumnyoshea kaunti kidole peke yake.

Kuhusu njia, sheria iko wazi. Kila mwaka kabla ya Septemba 1 mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti. Kabla ya Februari 28 huja waraka wa mkakati wa fedha. Kabla ya Aprili 30 huja makadirio ya bajeti. Mwananchi ana haki ya kusikilizwa kabla mambo hayo hayajapitishwa. Zaidi ya hayo, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi rasmi juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Ombi la Kawangware na Kibera limeanza kuandikwa. Linahitaji majina na sahihi, na anayeogopa Kiingereza cha mawakili asiogope, maana tumeliandika kwa Kiswahili.

Vijana wameamua kwamba kikao cha bajeti kitakapoitwa watalibeba gunia lao na kuliweka mezani mbele ya maofisa, kisha waombe stakabadhi. Wamelipima: kilo 17. Sisi tumewasihi jambo moja tu, walitie ndani ya ndoo yenye mfuniko kabla ya kupanda nalo matatu, kwa kuwa balbu mbili zimekwisha kuvunjika.