Refa Kutoona Siyo Ruhusa

Nianze kwa kusema wazi: mchezo ule wa San Diego ulikuwa haramu. Siyo "una utata", siyo "inategemea unavyoangalia". Haramu. Na kaka yangu tunayefanya naye kazi kituo cha vijana, ambaye wiki ya pili hii ananifuata na hoja zake kila nikikaa kunywa chai, namwomba asome mpaka mwisho ndipo aanze kelele.

Kwa ambao hawakuwepo: yote yameanza na video. Binamu yangu aliyepata safari ya Marekani alinitumia kipande kifupi cha mpira wao ule wenye umbo la yai, wa kubeba mkononi. Akaandika tu, "Waonyeshe vijana wako, waambie waamue." Nikawaonyesha. Simu moja, vichwa ishirini. Kabla chaji haijaisha kituo kilishagawanyika pande mbili, na zoezi la jioni hiyo halikufanyika.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe 10 Septemba 1978, San Diego, wenyeji Chargers wanaongoza 20-14 dhidi ya Oakland Raiders. Zimebaki sekunde 10. Raiders wako yadi 14 kutoka mstari wa goli. Ken Stabler, kotabeki wao, yaani yule anayepanga mashambulizi na kutoa pasi, anapokea mpira, anarudi nyuma, anatafuta wa kumpa, hamwoni. Woody Lowe wa Chargers ameshamfikia. Akidondoka pale na mpira mkononi, watu wanaenda nyumbani. Basi mpira eti "unamponyoka". Unaponyoka kwenda mbele, upande ule ule anaoutaka yeye! Pete Banaszak anaukuta chini, badala ya kuuokota anausukuma mbele kwa mikono yote miwili. Dave Casper naye anaufikia, unamshinda kushika, anaupiga kwa mguu mpaka ndani ya eneo la goli, kisha anaulalia. Pointi sita, muda umekwisha, 20-20. Errol Mann anapiga teke la nyongeza. 21-20. Uwanja mzima wa San Diego umekaa kimya kama msibani.

Sasa sheria. Katika mchezo wao, mpira ukimponyoka mtu kwa bahati mbaya, unabaki hai na anayeuwahi ni wake. Lakini ukiurusha mbele makusudi, hiyo siyo kuponyokwa, hiyo ni pasi, na pasi ya mbele ikigusa ardhi imekufa, hakuna wa kuiokota. Na mpira ukiwa chini hauna mwenyewe, huruhusiwi kuusukuma makusudi kuelekea goli la wapinzani, wala kuupiga teke. Hayo yote yalikuwa yameandikwa mwaka ule ule wa 1978. Hayakuja baadaye. Kaka, hapo nakuomba usome mara mbili.

Kwa sababu hoja yake kubwa ni hii: "Kama ilikuwa kosa, mbona walibadilisha sheria mwaka uliofuata? Ukiona wamebadilisha, ujue mwanzo ilikuwa halali." Inasikika vizuri. Vijana wengi waliipigia makofi. Lakini angalia walichobadilisha. Tangu 1979, mpira ukiponyoka kwenye jaribio la nne, au ndani ya dakika mbili za mwisho za kipindi, katika timu inayoshambulia ni yule yule aliyeuangusha tu anayeweza kuuokota na kusonga nao mbele. Mwenzake akiuokota mbele, mpira unarudishwa pale ulipoponyokea. Umeona? Hawakuongeza kosa jipya. Waliondoa swali la nia. Sheria ya zamani ilimtaka refa aseme kilichokuwa moyoni mwa Stabler. Sheria mpya inamuuliza tu: nani kaangusha, nani kaokota, wapi. Hayo macho yanaweza kuyaona. Ukiweka kufuli mlangoni baada ya kuibiwa, haina maana kwamba wizi wa jana ulikuwa halali.

Refa Jerry Markbreit na wenzake mimi siwalaumu sana. Walisema hawawezi kuwa na uhakika kama ilikuwa makusudi, na ligi ikawaunga mkono. Enzi hizo kurudia picha kwa ajili ya uamuzi hakukuwepo, kulianza 1986. Mtu ana macho mawili na sekunde chache. Sawa. Ila kutokuwa na uhakika kwa refa kunamwondolea lawama refa. Hakumwondolei Stabler. Na Stabler mwenyewe baadaye alikiri kwamba alifanya makusudi. Banaszak na Casper nao wakakiri. Watu watatu wanasema "tulifanya", halafu wewe, kaka, uliyezaliwa miaka mingi baadaye ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, unawatetea kwamba hawakufanya!

Wengine walinitupia Suárez. Eti mbona yeye 2010 alizuia goli la Ghana kwa mikono na Uruguay ikapita? Ndugu zangu, Suárez alionekana, akapewa kadi nyekundu, Ghana ikapewa penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Inauma, mpaka leo inauma, lakini sheria ilifanya kazi yake, na aliyekosa alitoka uwanjani. Raiders hawakulipa kitu. Mwisho wa msimu timu zote mbili zilikuwa 9-7, na Denver wakashika kundi kwa 10-6. Hesabu ya San Diego bila siku ile fanya mwenyewe.

Na usidhani yaliishia 1978. Oktoba 2015, Seattle na Detroit, mpira unamtoka Calvin Johnson karibu kabisa na mstari, unaingia eneo la goli, K.J. Wright wa Seattle anausukuma kwa mkono ukatoka nje kwa nyuma. Refa wa karibu akaona siyo makusudi. Seattle 13, Detroit 10. Ligi ikakubali baadaye kwamba ilipaswa kuwa adhabu. Matokeo? Yalibaki.

Kwa nini nimekasirika hivi kwa mpira ambao hapa kambini hata hatuuchezi? Kwa sababu mtoto mmoja wa miaka kumi na nne, mkimya, winga mzuri sana, aliniuliza siku ile: "Mwalimu, kwa hiyo kosa ni kufanya, au kosa ni kuonekana?" Na kabla sijafungua mdomo kaka akamjibu, "Kuonekana." Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nimeshakaa mbele ya meza ya mahojiano nikaulizwa kwa nini tulitoka nyumbani usiku na siyo asubuhi, kwa nini baba alibaki, nilikuwa nimekusudia nini. Nilisema kweli na karani akaandika kwamba hana uhakika. Pale kutokuwa na uhakika kulinigeukia mimi. Kule San Diego kuliwabeba watu watatu kwa mpigo. Kwa hiyo nikisikia "refa hakuwa na hakika, basi ni halali", nauliza kwanza: halali kwa nani?

Jumamosi iliyofuata, kwenye mechi yetu, yule winga aliunawa mpira ndani ya boksi. Refa hakuona. Kijana akasimama, akainua mkono mwenyewe. Tukafungwa moja bila. Kaka hajaongea naye tangu siku hiyo, na mimi nimempa unahodha.

Kaka, ukurasa wa toleo lijalo upo wazi. Jibu. Ila usije tena na habari ya filimbi.