Seva ya barua pepe ndani ya RAM: ahadi ni deni

Leo tuongee kuhusu jambo ambalo mafundi wengi wa Linux hupenda kulijaribu: kuweka seva ya barua pepe kwenye mfumo endeshi mdogo unaoishi ndani ya RAM. Nitatumia mfano wa Alpine Linux na programu ya Postfix, lakini hoja yangu inaihusu Tiny Core na jamaa zake pia.

Mimi ni mpenzi wa mifumo hii. Ukiwasha Alpine kutoka kwa flashi bila kuiweka kwenye diski, inajipakia yote kwenye RAM. Flashi haiandikwi kila dakika, kwa hivyo inadumu. Stima ikipotea, mashine inarudi safi kama ulivyoihifadhi mara ya mwisho. Kwa ruta ya ofisi ndogo, mpango huu ni mzuri sana.

Kwa barua pepe, sifa hiyo hiyo ndiyo balaa.

Tuanze na taabu ndogo. Umeweka Postfix, inafanya kazi, unazima na kuwasha mashine, na mipangilio yote imetoweka. Hapa dawa ni rahisi: baada ya kila badiliko, andika `lbu commit`. Amri hiyo hukusanya mabadiliko yaliyo ndani ya /etc na kuyahifadhi kwenye flashi. Kisha hakikisha umetenga mahali pa kuweka vifurushi kwa `setup-apkcache`, la sivyo mashine ikiwaka bila intaneti, Postfix yenyewe haitakuwepo.

Taabu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Seva inaanza kukataa barua kwa namba 452, yaani nafasi haitoshi. Sababu yake inaeleweka. Postfix hukubali barua ya hadi baiti 10,240,000 usipobadilisha kitu, na kabla ya kupokea hutaka nafasi iliyo wazi kwenye foleni iwe angalau mara moja na nusu ya kiwango hicho, yaani baiti 15,360,000. Foleni iko /var/spool/postfix, na kwenye Alpine ya aina hii folda hiyo iko ndani ya RAM. Kwa kawaida mfumo huruhusu nusu tu ya RAM itumike kuhifadhi faili. Kwenye mashine ndogo nafasi huisha haraka.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kupunguza `message_size_limit` ili 452 iondoke. Mimi napinga. Seva inayosema 452 inakuambia ukweli, nawe unataka kuifunga mdomo.

Itifaki ya SMTP, tangu RFC 821 ya Jon Postel mwaka 1982 hadi RFC 5321 ya mwaka 2008, imejengwa juu ya ahadi. Seva yako ikijibu 250 baada ya kupokea barua, imechukua jukumu. Aliyetuma ana ruhusa ya kufuta nakala yake, na kuanzia hapo ni juu yako kuifikisha barua au kumrudishia taarifa kwamba imeshindikana. Ndiyo maana Postfix huandika barua kwenye foleni na kuiomba kernel iisukume hadi kwenye diski halisi kabla ya kusema 250. Foleni ikiwa ndani ya RAM, kernel hujibu "tayari" papo hapo, ilhali hakuna diski iliyoguswa. Postfix inadanganywa, nayo inamdanganya aliyetuma.

Sasa linganisha. Seva ikizimwa kabisa, au ikijibu kwa namba inayoanza na 4, aliyetuma anaendelea kuishika barua na kujaribu tena. Postfix, kwa mfano, hujaribu kwa siku 5. Hakuna kinachopotea. Lakini seva ikijibu 250 halafu stima ikapotea kabla barua haijafikishwa, barua imekufa na hakuna atakayejulishwa. Logi ya mtumaji inaonyesha ilipokelewa. Kama ilikuwa ankara au barua ya kuitwa kazini, watu wawili watalaumiana na hakuna atakayeshuku kimashine kile kwenye kona. Kwangu mimi, heri seva iliyozimwa kuliko seva inayosahau.

Wengine watasema: weka `lbu include` kwa foleni, kisha cron ihifadhi kila dakika 5. Haitoshi. Barua za dakika hizo bado zitapotea, na ukirejesha foleni ya zamani utatuma tena barua ambazo zilikwisha kufika. Wengine watasema nunua UPS. Sawa, lakini UPS haizuii kernel kuanguka, wala haikuongezei RAM foleni inapovimba na kugombania nafasi na programu nyingine.

Dawa yenyewe si ghali. Tenga kipande cha diski au SSD, kiwe ext4, kisha kipachike kwenye /var/spool/postfix. Kama barua za watumiaji zinakaa /var/mail, nayo ipate chake. Kwenye /etc/fstab tumia UUID, kwa sababu jina kama sda1 linaweza kubadilika ukichomeka flashi nyingine. Mfumo wenyewe uache uishi kwenye RAM.

Kuna mtego mmoja. Diski ikikosa kupachikwa, folda tupu ya RAM bado ipo pale pale, na Postfix itaanza juu yake kama kwamba kila kitu ni shwari. Kwa hivyo iondoe kwenye orodha ya kuanza yenyewe kwa `rc-update del postfix`, kisha tengeneza faili /etc/local.d/postfix.start yenye mistari hii:

`#!/bin/sh`
`mountpoint -q /var/spool/postfix && rc-service postfix start`

Ipe ruhusa kwa `chmod +x`, washa huduma kwa `rc-update add local`, na usisahau `lbu commit`. Diski isipokuwepo, seva haitaanza, na barua zitangoja kwa watumaji.

Leo jioni andika `df /var/spool/postfix` kwenye seva yako. Ukiona neno tmpfs, simamisha Postfix kwanza, maswali baadaye.

Kazi njema.